Hoja ya Upofu Ilipofika Nchi Isiyo na Sanamu

Ukitoka Kisumu kwenda Kericho, ukishapita Awasi, barabara inaanza kupanda na joto la uwanda wa Kano linabaki nyuma. Kufikia Kapsoit umeshaingia nchi ya chai. Kapsoit ni kituo cha soko kama vingine vya njia hiyo: bodaboda, mabanda ya mboga, vibanda vya simu, na makanisa. Makanisa ni mengi. Jumapili vipaza sauti vya madhehebu mbalimbali hupokezana tangu asubuhi, na si ajabu kumsikia mhubiri akiwasimulia waumini jinsi mababu zao walivyokuwa vipofu gizani, wakisujudia sanamu.

Kuhusu sanamu, mhubiri huyo amekosea. Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi, hawakuchonga mti wala jiwe wakaliita mungu. Walimwomba Asis, na ishara yake ilikuwa jua. Lawama ya sanamu wasizokuwa nazo ilitungwa mbali sana na hapa, katika miji iliyojaa marumaru na shaba, na ina historia inayostahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu ilipofika kwenye vilima hivi ilikuta shabaha yake haipo.

Mizizi yake ni ya Kiyahudi. Isaya, katika sura ya 44, anamcheka seremala anayekata mti mmoja, nusu akaipikia chakula na kuota moto, nusu akaichonga mungu na kumwangukia. Zaburi ya 115 inavihesabu viungo vya sanamu kimoja kimoja, macho yakiwamo, ikionyesha kuwa hakuna kinachofanya kazi, kisha inawageukia waliozitengeneza na kusema watafanana nazo. Hapo ndipo penye makali ya hoja yote. Upofu unahama: unaanza kwenye jiwe, unaishia kwa mtu anayelipigia magoti. Waraka wa Yeremia, ambao wasomaji wa Biblia ya Kikatoliki wataukuta mwishoni mwa Baruku, unaongeza mzaha wa mitaani. Macho ya miungu yamejaa vumbi la miguu ya wanaoingia hekaluni. Popo na mbayuwayu hutua vichwani mwao, na paka pia.

Wakristo wa karne ya 2 waliirithi silaha hiyo tayari imenolewa. Mwandishi asiyejulikana wa Waraka kwa Diognetus alichekelea miungu ya fedha na dhahabu inayofungiwa usiku na kuwekewa walinzi mchana isiibwe, ilhali ile ya mawe na udongo inaachwa bila mlinzi. Tertullian wa Carthage, katika utetezi wake wa mwaka 197, aliwataja mwewe, panya na buibui kuwa ndio wanaoijua thamani halisi ya sanamu. Clement wa Aleksandria naye aliwaleta mbayuwayu wanaochafua vichwa vya miungu bila woga wowote. Ukiwasoma mmoja baada ya mwingine unapata picha ya watu walioutazama mji wao kwa makini sana na kwa jicho la kejeli.

Kisa kizuri kuliko vyote kiko katika kitabu kidogo cha Minucius Felix kiitwacho Octavius. Marafiki watatu wametoka Roma wakati mahakama zimefungwa kwa mavuno ya zabibu, wanatembea ufukweni huko Ostia. Mmoja wao, Caecilius, anaiona sanamu ya mungu Serapis, anapeleka mkono mdomoni na kuirushia busu, kama ilivyokuwa desturi. Octavius, Mkristo, hasemi na Caecilius. Anamgeukia Minucius, Mkristo mwenzake, na kumlaumu: inakuwaje unamwacha rafiki unayeshinda naye daima akijikwaa mchana kweupe kwenye mawe, eti kwa sababu mawe hayo yamechongwa, yakapakwa mafuta na kuvikwa mashada? Basi wanaendelea kutembea, wanawatazama watoto wakirusha vigae viruke juu ya maji, na Caecilius ananyamaza kwa uchungu mpaka anadai mjadala rasmi.

Katika mjadala huo ndipo mpagani anapoligeuza jicho. Caecilius anauliza: ninyi Wakristo mbona hamna hekalu, hamna madhabahu, hamna sanamu inayojulikana? Mungu wenu hamwezi kumwonyesha kwa mtu, wala ninyi wenyewe hamumwoni. Lilikuwa pigo la haki. Kwa macho ya raia wa kawaida wa Roma, dini ilikuwa kitu kinachoonekana: nguzo, moshi, ng'ombe wa kafara, uso wa mungu. Watu wasio na hivyo waliitwa wakana miungu, na kwa jina hilo Wakristo walishtakiwa na wengine kuuawa. Jibu la Octavius linafaa kusikilizwa na mtu wa Kericho. Alisema si ajabu Mungu asionekane, kwa kuwa hata jua, ambalo ndilo linalotuwezesha kuona vitu vyote, hatuwezi kulikodolea macho.

Karibu na mwaka 180, Theophilus, askofu wa Antiokia, alishakutana na dai hilohilo. Rafiki yake Autolycus alimtaka amwonyeshe Mungu wake. Theophilus alijibu kwa lugha ya mganga wa macho. Wapo watu, alisema, ambao macho wanayo lakini yametandwa na utando, kile ambacho sisi huita mtoto wa jicho, na hawauoni mwanga wa jua. Jua haliachi kuangaza kwa sababu ya hao. Roho ya mwanadamu, kwake, inapaswa kuwa safi kama kioo cha shaba kilichosuguliwa. Ikishika kutu haionyeshi kitu. Kufikia wakati huo ubatizo wenyewe ulikuwa ukiitwa kutiwa nuru, kama Yustino alivyowaeleza watawala wa Roma katikati ya karne hiyo. Na Wakristo walikuwa na kielelezo ndani ya nyumba yao wenyewe: Paulo alipofushwa siku tatu Damasko kabla ya kubatizwa, na baadaye, kisiwani Kipro, akatamka upofu juu ya Elima mchawi.

Kwa muda mrefu wahubiri wamepita hapa bila kuuliza swali moja: na wasioona kweli je? Ukifanya upofu kuwa jina la kosa, unamweka mahali pabaya mtu aliyezaliwa hivyo au aliyeugua utotoni. Karne ya 4 ilipata jibu katika umbo la mwanadamu. Didymus wa Aleksandria alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka minne hivi. Alijifunza herufi kwa kupapasa alama zilizochongwa kwenye mbao, karne 15 kabla ya Louis Braille. Akawa msomi wa Maandiko, hisabati na falsafa, akafundisha Aleksandria kwa baraka za askofu Athanasius, na Jerome, mtafsiri wa Biblia, akasafiri hadi huko kumsikiliza. Inasimuliwa kwamba Antonio, mtawa mkuu wa jangwani, alimwambia asihuzunike kwa kukosa macho ambayo hata nzi na sisimizi wanayo. Kauli hiyo ina upole, na ina pia ukali ambao sijui kama ni mtu anayeona tu angeweza kuuthubutu. Maandishi mengi ya Didymus yalipotea baada ya mafundisho yake kulaaniwa pamoja na ya Origen katika karne ya 6, mpaka mwaka 1941 wafanyakazi waliokuwa wakisafisha mapango ya Tura, karibu na Kairo, ili jeshi la Uingereza lihifadhi silaha humo, walipokuta marundo ya mafunjo yake.

Turudi kwa wanaoona. Ndani ya hoja ya upofu mlikuwa na mpasuko ambao mababa wa Kanisa hawakuuziba. Upande mmoja walisema sanamu ni bure, mbao na chuma, kiota cha panya. Upande wa pili, Minucius na Tertullian wote wawili waliamini kwamba mapepo hujificha ndani ya sanamu hizo, hunusa moshi wa kafara na kuwadanganya watu kwa ramli. Ama hakuna kitu mle, ama mna kitu cha kutisha. Hekalu kuu la Serapis huko Aleksandria lilipovunjwa mwaka 391 au 392, umati uliogopa kwamba dunia itaporomoka mtu akiigusa sanamu. Askari mmoja akaipiga shoka tayani. Theodoret anasimulia kuwa kichwa kilipopasuka walitoka panya, na watu wakacheka. Lakini wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua sanamu nyingi za zama hizo zilizotobolewa macho au kuchorwa msalaba kwenye paji la uso. Kichwa cha Germanicus kilichoko Makumbusho ya Uingereza jijini London kina msalaba huo. Anayeamini kwa dhati kwamba jiwe halioni, hapotezi muda kulitoboa macho.

Sasa tuje Kericho.

Mwaka 1866, mvumbuzi Samuel Baker aliwaambia wanazuoni wa London kwamba watu wa Naili ya juu hawana imani ya Mungu mkuu wala ibada ya aina yoyote, hata ya sanamu, na kwamba giza la akili zao halijaangazwa na mwale hata mmoja wa ushirikina. Alikuwa akiwasema Waniloti wa kaskazini, jamaa wa mbali wa Wakipsigis. Angalia kigezo chake: hakuona hekalu wala sanamu, akahitimisha hakuna dini. Ni kigezo cha Caecilius, neno kwa neno, isipokuwa sasa kinashikwa na mtu aliyelelewa katika dola la Kikristo. Wakristo wa mwaka 200 na Waniloti wa mwaka 1866 walishtakiwa kosa moja, la kutokuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni.

Waliokaa muda mrefu zaidi waliona tofauti. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, aliandika juu ya Asista, jua na muumba, aliyeombwa asubuhi, na juu ya oiik, roho za waliotangulia. Ian Orchardson, aliyeishi miaka mingi Kericho, na J. G. Peristiany, katika utafiti wake wa mwaka 1939, waliyakuta mambo ya namna hiyo kwa Wakipsigis. Wazee husisitiza kwamba jua la angani na Asis si kitu kimoja. Jua ni ishara yake, na hakuna jambo lifanyikalo mchana au usiku asilolijua. Nje ya nyumba, upande wa mashariki, palisimama mabwaita: matawi ya miti maalumu yaliyosimikwa pamoja. Hapo maziwa na pombe vilimwagwa, hapo harusi na jando vilipata baraka. Kwa mambo makubwa ya jamii nzima watu walikwenda kapkoros, mahali pa sadaka, moshi ukapanda. Leo Kapkoros ni jina la kiwanda cha chai cha wakulima huko Bomet, na moshi wake ni wa kukaushia majani.

Mmishonari aliyefika hapa akiwa na Zaburi ya 115 mkononi alikuwa na kazi ngumu. Hapakuwa na pua ya kuifanyia mzaha wala macho ya kuyatia vumbi. Mabwaita haina uso. Na Asis ndiye anayeona. Kumwambia Mkipsigis kwamba mungu wake ni kipofu kungekuwa kichekesho, maana jua ndilo lile lile ambalo Theophilus na Octavius walilitumia kuwa mfano wa Mungu wao.

Mababa wenyewe walikuwa na maneno juu ya wanaoliheshimu jua, na ni maneno ya upole kuliko wengi wanavyodhani. Kitabu cha Hekima, sura ya 13, kinakiri kwamba waliouona uzuri wa mianga ya mbinguni wakaidhani miungu wana lawama ndogo, kwa kuwa huenda walipotea wakati wakimtafuta Mungu. Clement, yuleyule wa mbayuwayu, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake Stromateis. Alisema Mungu aliwapa mataifa jua, mwezi na nyota waviabudu, ili wasiwe watu wasio na Mungu kabisa, na kupitia vitu hivyo wapande mpaka kwake. Nimejaribu kuwazia historia ya nchi hii kama wamishonari wangelibeba ukurasa huo wa Clement badala ya ule wa kejeli. Wapo wasomi wa Kiafrika, John Mbiti akiwa maarufu wao, waliokuja kuifanya kazi hiyo miaka ya 1960 na kuendelea, lakini kufikia hapo makanisa yalikuwa yameshaota mizizi.

Willis Hotchkiss, Mkweka kutoka Marekani, ndiye aliyefungua misheni ya kwanza ya Kiprotestanti iliyodumu miongoni mwa Wakipsigis, ambao serikali wakati huo iliwaita Walumbwa. Alikuwa amefika Ukambani mwaka 1895 na kundi la kwanza la Africa Inland Mission, kisha mwaka 1902 akawa mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi. Misheni yake ya Lumbwa iliitwa ya viwanda, maana ilifundisha kazi za mikono pamoja na neno. Kitabu alichokitoa mwaka 1901 kilibeba maneno Bara la Giza kwenye jalada lake, naye hakuwa peke yake. Huo ndio ulikuwa msamiati wa zama zake. Baadaye kituo cha Litein kikawa cha Africa Inland Mission, wamishonari wa Mill Hill wakaleta Ukatoliki, na miaka ya 1930 wakaja Wamarekani wa shirika linaloitwa leo World Gospel Mission, waliojenga hospitali ya Tenwek. Hospitali hiyo sasa ina kitengo cha macho kinachojulikana mbali, ambako mtoto wa jicho ni ugonjwa unaotolewa kwa upasuaji na hakuna anayemuuliza mgonjwa aliabudu nini.

Hoja ilipokosa sanamu ilitafuta vitu vingine vya kushika. Pombe ilikuwa karibu, na jando, na ndoa ya wake wengi, na yale matawi upande wa mashariki. Maneno giza na upofu yalibaki, lakini sasa yaliwahusu watu ambao hawajasoma. Nuru ikawa kalamu. Biblia nzima ilipotoka katika Kinandi mwaka 1939, kijana aliyejua kuisoma aliweza kuwaambia wazazi wake kwamba wao hawaoni, na kwa maana ya herufi alikuwa akisema kweli. Hili lilikata familia vibaya kuliko sanamu yoyote ingeweza kufanya. Mwana wa yule seremala wa Isaya alitakiwa kutupa kipande cha mti. Mwana wa Mkipsigis alitakiwa kumkana mzee aliyembariki mbele ya mabwaita.

Na ule mpasuko wa zamani, wa kucheka na kuogopa, ulijitokeza upya kwa orkoiyot, mwonaji wa jamii. Ukoo wa Talai, waliotoka Nandi, walikuwa waonaji katika maana kamili: walitabiri, walibariki vita, walijua lililofichika. Kwa wahubiri walikuwa walaghai wanaowapumbaza vipofu. Serikali nayo iliwadharau kwa maandishi na kuwaogopa kwa vitendo. Mwaka 1914 ilimhamisha Kipchomber arap Koilegen pamoja na ndugu zake kwenda nchi ya Wakikuyu, naye akafia uhamishoni. Mwaka 1934 ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa, na watu wapatao 700 wa ukoo huo, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Waliorudi wengi hawakuwa na ardhi. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walifikisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sheria nzima ya bunge la koloni kwa ajili ya watu ambao eti hawakuwa na uwezo wowote: huo ni msumari uleule uliotoboa macho ya marumaru.

Siku hizi mabwaita haijatoweka. Utaiona kwenye koito, familia zinapokutana kuafikiana mahari, na kwenye harusi, mara nyingi waliosimama kando yake wakiwa Wakristo wa kizazi cha tatu au cha nne. Mwishoni mwa mwaka makanisa ya Kericho na Bomet huendesha jando lao wenyewe, vijana wakafundishwa Biblia huko menjo, kwenye makao ya jandoni. Mabishano hayajaisha. Wako wachungaji wanaoiona mabwaita kuwa adabu ya nyumbani tu isiyomdhuru mtu, na wako wasiokubali kuomba mahali iliposimama.

Ni ubishi ambao Roma iliujua. Katikati ya karne ya 5, Papa Leo Mkuu aliwaonya Wakristo waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, wakifika juu wakageuka kuelekea mashariki na kuliinamia jua linalochomoza kabla ya kuingia kwenye ibada. Tertullian, miaka 250 kabla yake, alikuwa amelazimika kukanusha uvumi kwamba Wakristo wote huabudu jua, kwa kuwa walisali wakielekea huko. Papa Leo alikiri kwamba baadhi ya wale wa ngazini huenda walimheshimu Muumba wa nuru na si nuru yenyewe. Aliwakataza hata hivyo, na sababu aliyotoa ingeeleweka katika baraza la wazee wa kanisa lolote la Kapsoit: kwamba mwongofu mpya akiwaona atadhani mambo ya zamani yanaruhusiwa.